Asiyekuwapo na Lake Halipo

Kila uchaguzi wa urais ukimalizika, mabarazani mwetu husikika neno moja: "Mtu wetu kashindwa." Kisha hufuata maneno mengi, ya nani kamwibia, nani kamkhini, na nani kanunuliwa. Lakini liko swali moja ambalo haliulizwi, nalo ndilo lililotakiwa litangulie yote: wewe usemaye, siku ile ulikuwa wapi?

Twataka kulieleza jambo hili kwa hesabu na kwa hoja, kwa sababu limekuwa maradhi katika miji yetu ya pwani. Watu wanalalamika miaka mitano, na siku moja ya kusema kwa njia inayosikilizwa wanalala. Tutachukua mfano wa uchaguzi wa Kenya wa tarehe 9 Agosti 2022, kwa kuwa hesabu zake zilitangazwa hadharani, kesi yake ilisikizwa, na sasa hasira zimepoa kiasi cha mtu kuweza kufikiri.

Katika uchaguzi ule Dkt. William Ruto alitangazwa kupata kura 7,176,141, na marehemu Raila Odinga, aliyefariki Oktoba 2025, alipata kura 6,942,930. Tofauti baina yao ni kura 233,211. Watu waliojiandikisha nchi nzima walikuwa 22,120,458, na waliofika vituoni walikuwa kama 65 katika kila 100. Ukitoa utaona kwamba karibu watu milioni 7 na laki 8 waliokuwa na haki ya kupiga kura hawakupiga. Idadi hiyo yamzidi mshindwa, na mshindi pia. Lau wasiopiga kura wangalikuwa chama, chama chao ndicho kingalikuwa kikubwa kuliko vyote.

Tazama tena. Kura zaidi ya 113,000 zilikataliwa kwa kuwa hazikupigwa kama ipasavyo. Na Katiba ya 2010 yamtaka mshindi apate zaidi ya nusu ya kura. Asipopata, wawili wa juu hurudi kushindana tena. Mshindi wa 2022 aliuvuka mstari huo wa nusu kwa kura karibu 70,000 tu. Yaani kura zilizoharibiwa kwa kutojua kuweka alama zilikuwa nyingi kuliko zile zilizozuia duru ya pili. Hatusemi zingalikwenda upande gani. Hayo ayajuaye ni Mungu. Twasema kwamba mtu alitoka nyumbani, akasimama foleni, akachovya kidole wino, kisha kazi yake ikawa bure kwa kukosa mtu wa kumfundisha mambo ya dakika tano.

Sasa tuje kwetu. Mombasa ilikuwa na watu zaidi ya 640,000 walioandikishwa. Waliopiga kura ya rais hawakufika nusu. Walikuwa kama 44 katika 100. Ni mji wa bandari, wenye shule, redio, misikiti na mabaraza ya kahawa ambayo siasa hailali, nao ukawa miongoni mwa kaunti zilizotoka kwa uchache kabisa katika nchi nzima. Ni kweli kuwa uchaguzi wa gavana wa Mombasa uliahirishwa mpaka tarehe 29 Agosti kwa ajili ya kasoro katika karatasi za kura, na huenda wako waliovunjika moyo. Lakini kura ya rais haikuahirishwa, wala ya seneta, wala ya mbunge, wala ya mwakilishi wa kike, wala ya mwakilishi wa wadi. Aliyelala kwa sababu ya moja aliziacha tano.

Twataka tuwe waadilifu katika hesabu, asije mtu akatushika. Mombasa ilimpa Raila kura zaidi ya 161,000, na Ruto zaidi ya 113,000. Ukiwachukua wote waliobaki nyumbani ukawagawa kwa kipimo hicho hicho, Mombasa peke yake haikuweza kuliziba pengo la nchi nzima. Lakini nani kasema iwe peke yake? Kila mahali palipompenda mshindwa pakatoka nusu nusu, palimpunguzia. Haba na haba hujaza kibaba, na haba na haba hukitoboa vile vile. Mgombea aliyeshangiliwa uwanjani na watu wakajaa mpaka juu ya miti, kisha wale wale wasimfuate kituoni, kashindwa na wanaompenda kabla hajashindwa na mpinzani wake.

Hiyo ni sababu moja. Ziko nyingine, na si haki kuzificha.

Raila alijenga jina lake kwa miaka mingi kwa kusimama upande wa wanaolalamika. Baada ya ile handisheki ya Machi 2018 na Rais Uhuru Kenyatta, alionekana kuwa amesimama upande wa wanaolalamikiwa. Uchaguzi ulipofika, unga ulikuwa ghali. Mwezi wa Julai 2022 pakiti ya kilo 2 ya unga wa mahindi ilikuwa imepita shilingi 200, na serikali ikatangaza, wiki chache tu kabla ya kura, kwamba iuzwe shilingi 100. Mwenye njaa hakuona huruma katika tangazo lile, aliuliza, "Mlikuwa wapi siku zote?" Mtu aliyetaka kuiadhibu serikali hakuweza kumtumia Raila kuwa fimbo, kwa kuwa fimbo ilikuwa mkononi mwa serikali yenyewe. Na ajabu ni kwamba Ruto alikuwa Naibu wa Rais katika serikali ile ile tangu 2013. Lakini yeye alijitenga mapema, akazunguka miaka kadhaa, akazungumza na mama mboga, mwendesha bodaboda na mchuuzi wa mitumba, akawaonyesha wilbaro na kuwaambia kazi yao ina heshima. Mtu husikiliza anapotajwa.

Tena wako waliodhani kwamba kura ni mifugo, huongozwa na mchungaji. Walisema Rais anayeondoka akimshika mkono mtu, watu wa Mlima Kenya watamfuata. Akateuliwa na Bi Martha Karua, mwenyeji wa Kirinyaga, kuwa mgombea mwenza. Watu wa huko wakamheshimu Rais wao, wakamsikiliza mpaka mwisho, kisha wakenda kumpigia Ruto, na Kirinyaga yenyewe ikafanya hivyo hivyo. Hapa pana somo kwa kila mkubwa mwenye kuahidi kura za watu wengine: heshima ya kusikilizwa si ahadi ya kufuatwa.

Basi mpiga kura huchagua vipi? Ukikaa na watu ukawasikiliza utakuta wana mizani kadhaa, baadhi yake ni mizani ya haki na baadhi yake ni ya kupunja.

Mizani ya kwanza ni ukabila na ujamaa. "Ni wetu." Neno hili ni tamu, na ndilo linaloharibu zaidi, kwa sababu humfanya mtu asiulize la pili. Mwizi akiwa wetu hawi mwizi tena, na mwaminifu akiwa wa wengine uaminifu wake hautufai. Kabila si kosa, wala kumpenda jamaa si dhambi. Lakini tangu lini mtu akampa nahodha chombo chake kwa kuwa ni binamu yake, naye hajui tanga wala usukani? Hata mwenye mashua ya kuvulia hafanya hivyo, na nchi ni kubwa kuliko mashua.

Mizani ya pili ni mkono. Mgombea huja na leso, fulana, kofia, gunia la mchele na noti za shilingi 200. Watu husema, "Mkono mtupu haulambwi," na wengine husema, "Tule chao, tuwanyime kura." Hao wa pili wajiona werevu. Lakini tuwaulize: aliyetumia mamilioni kununua, akikaa kitini, atazirudisha kutoka wapi? Atazitoa katika dawa za zahanati yako na madawati ya mwanao. Umeuziwa leso kwa bei ya miaka mitano. Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016 imefanya kutoa hongo kuwa kosa, na kupokea kuwa kosa. Na kabla ya sheria hiyo kuandikwa, dini yetu ilikwisha waweka mtoaji na mpokeaji katika laana moja. Hakuna mlango wa werevu hapo.

Mizani ya tatu ni tumbo. Wasomi wengine huwacheka wanaochagua kwa bei ya unga. Sisi hatuwacheki. Mama anayehesabu vibaba jikoni aijua serikali kuliko msomaji wa magazeti, kwa kuwa kwake serikali huingia kila siku kwa mlango wa jikoni. Mizani hii ni ya haki, ila ina upungufu mmoja: hupima leo tu. Yapasa aulize na kesho: huyu asemaye atapunguza bei, atapunguza kwa njia gani, na atalipa nani?

Mizani ya nne ni ahadi. Hapa watu wetu hudanganyika kwa kutojua kutenga ahadi yenye kipimo na isiyo na kipimo. "Nitaleta maendeleo" haina kipimo. Hata akijenga choo kimoja atasema ameleta. Lakini mwaka 2022 watu wa Mombasa walilalamika kwamba mizigo ya bandari imehamishiwa bara na kazi zimekwenda nayo, na Ruto akaahidi kuirudisha. Siku ya kuapishwa kwake, tarehe 13 Septemba 2022, alitangaza kwamba shughuli hizo zirudi Mombasa. Ahadi ya namna hii yashikika. Waweza kwenda bandarini, ukahesabu, ukasema imetimizwa au haikutimizwa, na yaliyotimizwa yamemfaa nani. Mpiga kura mwenye akili huomba ahadi za namna hii, huziandika, na huzitoa mfukoni baada ya miaka mitano.

Mizani ya tano ni kilemba. Hili twalisema kwa uchungu, kwa kuwa latuhusu sisi wenyewe tulio walimu. Wakati wa kampeni huonekana wenye kanzu na vilemba nyuma ya kila mgombea, huyu anaomba dua jukwaa hili asubuhi, na jioni yuko jukwaa la pili. Mwananchi husema, "Sheikh fulani yuko pale, basi ndiko." Ndugu yangu, dua haithibitishi uhodari wa mtu. Mwalimu akikufundisha sifa za kiongozi, msikilize; akikutajia jina na mfuko wake umetuna, mwachie jina lake. Kura yako hutaulizwa kwa niaba ya sheikh.

Na katika nyumba zetu uko udhalimu mwingine hausemwi. Mume humwambia mkewe, "Utampigia fulani," na baba huwaambia binti zake vivyo hivyo, kana kwamba kura ni kapu la sokoni. Kura ni ushahidi. Anayepiga ashuhudia kwamba huyu, kwa ninavyomjua, anafaa kuliko wenzake. Na ushahidi haushuhudiwi kwa ulimi wa mtu mwingine. Mume na ashauriane na mkewe, ataje sababu zake, asikilize na za mkewe, huenda akajifunza. Lakini akiingia nyuma ya lile kasha la kupigia kura, mwanamke yuko peke yake na Mola wake, na sheria imemsitiri kwa makusudi.

Sasa twajua majibu tutakayopewa, na twataka kuyajibu moja moja.

Mtu atasema: "Kura zaibwa, nitoke nikapoteze siku yangu bure?" Twasema, hatukanushi kwamba kura zaweza kuchezewa. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu ya Kenya ilifuta matokeo ya urais kwa kuwa uchaguzi haukwenda kwa mujibu wa Katiba na sheria. Hilo limetokea na limeandikwa. Lakini hilo hilo lathibitisha kwamba mlango wa kushtaki upo, na ufunguo wake ni ushahidi. Mwaka 2022 makamishna 4 kati ya 7 wa Tume ya Uchaguzi waliyakataa matokeo, kesi ikaenda, na tarehe 5 Septemba majaji wote 7 wakakubaliana kwamba madai hayakuthibitika. Fomu za vituo zaidi ya 46,000 zilikuwa zimewekwa wazi, kila mwenye kujua kujumlisha ajumlishe. Basi anayesema "tumeibiwa" na aje na kituo, na fomu, na tofauti ya nambari. Asiye nazo, huku siku ile alikuwa kitandani, huyo neno lake ni uvumi, na Qur'ani imetuamrisha kuichunguza habari kabla ya kuwadhuru watu kwa kutojua. Mwaka 2007 na mwanzo wa 2008 nchi ilionja matunda ya hasira: watu zaidi ya 1,100 walikufa, na mamia ya maelfu wakakimbia makao yao. Hakuna hata mmoja katika waliokufa aliyekuwa mgombea wa urais.

Isitoshe, mwizi huiba nyumba isiyo na mtu. Kituo kilichojaa watu, wakala akakaa mpaka kura ya mwisho ikahesabiwa na fomu ikatiwa sahihi, ni kigumu kuibwa. Kituo walichopiga watu 44 katika 100, majina 56 yamebaki matupu katika daftari. Unayeogopa wizi ndiwe uliyepaswa kutoka mapema kuliko wote.

Mwingine atasema: "Wote ni wamoja, nani atatufaa?" Neno hili lasikika kama hekima, lakini ni uvivu uliovaa joho. Hata kati ya wabaya wawili kuna tofauti, na mwenye kuchagua dhara ndogo ili kuepuka kubwa hajakosea. Kanuni hii wanafunzi wa fiqhi waijua. Na lau kweli wote wangalikuwa wamoja, wasingalikesha wakitumia mali nyingi namna ile kuitafuta kura yako.

Mwingine atasema: "Pwani tu wachache; watuamulia wa bara." Huyu na akumbuke 1992. Mwaka ule Rais Moi alishinda kwa kura kama 36 tu katika kila 100, kwa sababu waliompinga, Matiba, Kibaki na Jaramogi Oginga Odinga, walizigawa zilizobaki. Mwaka 2002 wapinzani waliposimama pamoja, Kibaki alipata zaidi ya 60 katika 100. Katika mashindano ya namna hiyo wachache walioshikamana huwa ndio chumvi ya chungu. Na mwaka 1992 huo huo vijana wa Mombasa walipambana na polisi barabarani, chama cha Islamic Party of Kenya kiliponyimwa usajili. Twaweza kukubaliana au kutokubaliana na chama kile. Lakini baba zao walipigwa kwa kudai wasikike, na leo watoto wao wafunguliwa mlango mchana kweupe, wasema jua kali.

Wako wenye udhuru, nao hatuwalaumu. Yuko kijana aliyezungushwa kwa miezi akitafuta kitambulisho, kila siku aulizwa cheti cha babu. Yuko mgonjwa, na yuko baharia aliye safarini. Hao wadai haki yao, na yapasa tuidai pamoja nao. Maneno yetu ni kwa yule mwenye kitambulisho mfukoni, jina lake daftarini, kituo kiko shule ya jirani, na ambaye siku ile alicheza karata mpaka alasiri.

Amana, kama tulivyoamrishwa katika Suratun Nisaa, hupelekwa kwa wanaostahiki. Mwenye kumpa asiyestahiki kakhini. Na mwenye kuitupa chini akaenda zake, je, huyo kaihifadhi? Wengi wetu tumemhukumu wa kwanza, na wa pili tumemwacha akae barazani ahukumu wengine.

Basi kila nyumba na ifanye haya. Katiba imeweka uchaguzi Jumanne ya pili ya Agosti kila mwaka wa tano. Siku hiyo haiji ghafla. Mwenye miaka 18 na achukue kitambulisho na kujiandikisha mapema, asingoje wiki ya mwisho. Kila mtu na ahakikishe jina lake limo daftarini na kituo chake ni kipi. Mwenye kujua na amfundishe mzee wake namna ya kuweka alama, karatasi isije ikaharibika. Mgombea akija mtaani aulizwe mambo ya kupimika: hati za ardhi, maji, dawa, kazi za bandarini, na kila jibu liandikwe. Vijana wenye subira na wajitolee kuwa mawakala, wakae mpaka fomu itiwe sahihi na kubandikwa mlangoni. Na akishashindwa mnayempenda, baada ya yote hayo kufanywa, mkubalieni aliyeshinda mumdai haki zenu, kwa sababu mmekwisha timiza wajibu wenu na ulimi wenu una nguvu.

Ama asiyefanya hata moja katika haya, na atuondolee kelele. Asiyekuwapo na lake halipo. Wa billahit tawfiq.